Shomaji ya wanawake: sababu gani hesabu ni ndogo na kazi haionekani

Katika hesabu za Shirika la Kazi la Dunia (OIT), Kongo yetu iko na kiwango kidogo cha shomaji ya wanawake: chini ya 10 kwa mia, miaka yote hii ya nyuma. Afrika ya Kusini, inchi ya viwanda na ya migodi mikubwa, inchi ambamo ndugu zetu wengi wanaenda kutafuta maisha, kiwango cha wanawake kinapita 30 kwa mia. Mutu akisoma hesabu hizi mbili bila kujua zinafanywa namna gani, atasema: basi mwanamuke wa Kolwezi iko na bahati kuliko mwanamuke wa Johannesburg. Lakini kila mama wa Likasi, wa Kipushi ao wa Fungurume anajua kama ile haiko kweli.

Basi hesabu inadanganya? Hapana. Hesabu inajibu ulizo lenye iliulizwa. Shida ni kwamba sisi tunaisoma kama vile iliulizwa ulizo lingine. Na kwa jamaa za wafanyakazi wa migodi, jambo hili haliko la wenye masomo makubwa peke yao. Ile hesabu ndiyo Serikali, mabanki na sosiete kubwa wanaangalia wakati wanakata shauri: nani atafundishwa kazi, nani atapewa mukopo, feza za maendeleo zitaenda ku barabara ao ku soko la wamama. Mutu ambaye hahesabiwi, hapangiwi kitu.

Mushomeri ni nani?

Kwa sheria za OIT, ili mutu ahesabiwe kuwa mushomeri, lazima mambo matatu yapatikane kwa mara moja. Moja: katika siku zile za uchunguzi (mara mingi ni juma moja), hakufanya kazi ya kumuletea feza hata saa 1. Mbili: iko tayari kuanza kazi kama ikipatikana. Tatu: anatafuta kazi kweli, kwa kutembea, kwa kuuliza, kwa kuweka dosie mahali.

Soma tena ile ya kwanza: hata saa 1. Mama mwenye alikaa juma zima bila kitu, lakini siku ya posho aliuzisha bitumbula asubuhi mbele ya nyumba, huyo haiko mushomeri. Kwa hesabu, iko na kazi, sawa na mwanamuke mwenye anaendesha kamio ya tani 100 ndani ya mugodi na anapata mushahara ku banki kila mwisho wa mwezi. Wote wawili wanaandikwa ku mustari mumoja.

Soma tena ile ya tatu: anatafuta kweli. Dada mwenye alipeleka dosie yake mara kumi ku mulango wa sosiete, na mara kumi walimuambia arudi kesho, siku moja atachoka na kuacha. Toka siku ile haiko tena mushomeri. Haiko pia mufanyakazi. Anatoka ndani ya hesabu, kama mutu mwenye hapendi kazi.

Mufano wa avenue moja

Tuchukue mufano wa kubuni, ili tuone hesabu inatembea namna gani. Tuseme ku avenue moja kuko wanawake 100 wa miaka 15 na zaidi. Kati yao 60 walifanya kazi fulani ya feza juma hili: wengi wao biashara ndogo, makala, unga, samaki ya kukauka, kushona, kuosha manguo ya watu. Wengine 3 hawana kitu, wako tayari, na wanatafuta. Wanaobaki ni 37: wenye kusoma, wenye kuzeeka, wenye kulea watoto, wenye kulima kwa chakula cha nyumba.

Kiwango cha shomaji hakigawanywi na wanawake 100. Kinagawanywa na wale 63 tu, ni kusema 60 wenye kazi pamoja na 3 wenye kutafuta. Tatu juu ya 63 inatoa karibu 5 kwa mia. Basi, avenue yetu iko muzuri sana!

Sasa tuulize ulizo la pili. Kati ya wale 37, kuko 12 ambao wanataka kazi lakini wamechoka kutafuta, ao wangeanza kazi kama wangepata mutu wa kubaki na mutoto. Tukiwaongeza pande zote mbili za hesabu, inakuwa 15 juu ya 75, ni kusema 20 kwa mia.

Ulizo la tatu: kati ya wale 60 wenye kazi, kuko 20 ambao wanafanya masaa kidogo tu na wako tayari kufanya zaidi kama kazi ingepatikana. Tukiongeza na hao, inakuwa 35 juu ya 75. Tunafika karibu 47 kwa mia.

Avenue ni moja, wanawake ni wale wale, juma ni lile lile. Kiwango ni 5, ao 20, ao 47. Hakuna hesabu hata moja ya uongo kati ya hizi tatu, na OIT yenyewe tangu 2013 inaomba inchi zitoe zaidi ya moja kwa pamoja. Lakini ku radio na ku mikutano tunasikia mara mingi ile ya kwanza peke yake.

Shamba lilitoka ndani ya hesabu

Mwaka 2013 jambo lingine pia lilibadilika. Mbele ya hapo, mwanamuke mwenye kulima mahindi na mihogo ili jamaa ikule alihesabiwa kuwa na kazi. Toka mukutano ule wa 2013 kule Geneva, kulima kwa chakula cha nyumba kunaitwa kazi, lakini haiko tena ajira. Ajira ni ile tu ya kutafuta mushahara ao faida.

Turudi ku avenue yetu. Tuseme kati ya wale 37 kuko 15 wenye kulima kwa chakula cha nyumba tu. Kwa hesabu ya zamani wangeongezwa kwa wale 60, wenye kazi wangekuwa 75, na kiwango kingekuwa 3 juu ya 78: karibu 4 kwa mia. Kwa hesabu mupya ni karibu 5. Kiwango kimepanda, na hakuna mutu hata mumoja mwenye amepoteza kazi. Kwa hiyo mutu akikuambia kama shomaji ya wanawake imepanda ao imeshuka, umuulize kwanza: mulihesabu kwa sheria gani? Ya mbele ya 2013 ao ya nyuma?

Bwana akikosa kazi, kiwango kinaweza kushuka

Hapa ndipo jamaa za migodi wanapaswa kuangalia vizuri, kwa sababu historia yetu inaonyesha jambo ambalo vitabu vya mafundisho vinasema kidogo tu.

Union Minière ilianza mwaka 1906. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ilikata shauri kwamba wafanyakazi wakae ku kambi na mabibi na watoto wao, pahali pa kuleta watu wapya kila mara. Bwana alipewa mushahara na nyumba, na posho ya unga na vitu vingine ilihesabiwa kufuatana na bibi na watoto. Kisha kukaja foyer social, wamama wakafundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba. Gécamines ilifuata njia hiyo hiyo. Vizazi viwili ao vitatu vya wanawake wa Katanga walikaa ndani ya ile maisha: kazi ni ya bwana, nyumba ni ya bibi. Ku makaratasi waliandikwa «bila kazi». Na kwa sababu hawakutafuta kazi, hawakuhesabiwa pia kuwa washomeri.

Kisha mambo yakaharibika. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400 000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mugodi wa Kamoto ulianguka. Miaka michache nyuma, shaba ilishuka chini ya tani 50 000. Mishahara ikaanza kuchelewa, miezi ikafuatana bila malipo. Mwaka 2003 na 2004, kwa feza za Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitoka kwa ile tuliita départ volontaire.

Nani alibeba nyumba siku zile? Kila mutu wa Likasi na wa Kolwezi anajua. Wamama walienda ku mashamba, walibeba makala, waliuzisha unga kwa vipimo vidogo, walikatisha mupaka wa Kasumbalesa na mizigo. Walifanya likelemba ili watoto warudi masomoni.

Sasa tuweke ile ndani ya hesabu ya shomaji. Bwana mwenye kukosa mushahara, kama anatafuta kazi, iko mushomeri: kiwango cha wanaume kinapanda. Bibi mwenye jana alikuwa nyumbani, leo anauzisha makala: anaingia katika wenye kazi, na kiwango cha wanawake kinashuka. Kwa hiyo shida ikiwa kubwa sana, hesabu ya wanawake inaweza kuonekana muzuri zaidi. Na upande mwingine, sosiete ikifungua mulango na kusema inatafuta wafanyakazi, wasichana wengi wataamka na kupeleka dosie. Kwa sababu sasa wanatafuta, wanakuwa washomeri ku hesabu, na kiwango kinapanda. Ile inaweza kuwa alama ya matumaini.

Ndiyo sababu haifai kuchukua kiwango cha shomaji ya wanawake kama vile tunasoma homa ya mutoto: ikipanda ni mubaya, ikishuka ni muzuri. Lazima tuulize pia ni wanawake wangapi wako na kazi, kazi ya namna gani, na inalipa nini.

Kule Afrika ya Kusini, kiwango ni kikubwa kwa sababu mbili. Moja ni kweli ya huzuni: kazi zinakosekana. Lakini ingine ni kwamba kule watu wachache zaidi wanaishi kwa shamba ao kwa kameza ya biashara mbele ya nyumba, na mwenye kukosa mushahara anaonekana wazi kama anatafuta. Tena Serikali yao inafanya uchunguzi kila miezi 3 na kutoa kiwango cha pili pamoja na kile cha kwanza, chenye kuhesabu pia wale wenye kuchoka kutafuta. Sisi hatuna vile. Hesabu ya watu wote ya mwisho ku Kongo ni ya 1984. Uchunguzi mukubwa wa kazi wenye tunaita 1-2-3, wa Institut National de la Statistique, ulifanyika 2004-2005 na tena 2012. Viwango vya kila mwaka vyenye tunaona ku OIT ni makadirio yenye kujengwa juu ya msingi mwembamba.

Shaba nyingi, mikono ya wanawake wapi?

Mwaka 2024 inchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba. Ni ya pili duniani nyuma ya Chile. Shaba nyingi vile haijatokea mbele ya hapo. Lakini mugodi wa leo, wenye mashini kubwa, hautumikishe watu wengi kama zamani, na kati ya wale wenye kupata kontra wanawake ni wachache. Wengi wao wako ku biro, ku kantini, ku usafi, na mara mingi chini ya kampuni ndogo za sutretansi, na kontra ya muda mufupi.

Ku karieri za wachimbaji wa mikono ndiko wanawake wanaonekana zaidi: wanaosha mawe, wanachagua, wanabeba mifuko, wanapika. Pahali pengi wanakatazwa kukaribia shimo, kwa sababu watu wanasema mwanamuke anakimbiza madini. Mazungumzo hayo yako na matokeo ya feza: mwenye kuingia ndani ya shimo anagawanya bei ya madini, mwenye kuosha inje analipwa kwa siku ao kwa mufuko. Kusema mwanamuke analeta bahati mubaya ni njia ya kumuweka ku malipo ya chini.

Tarehe 22 ya mwezi wa pili 2025, Serikali ilisimamisha kuuzisha kobalti inje ya inchi ili bei ipande. Kizuizi kiliendelea hata mwezi wa kumi, kisha kila sosiete ikapewa kiasi chake cha kuuzisha. Kwa hazina ya Serikali, kuko sababu zake. Lakini jiulize: kama depo haikununua, na mwanamuke mwenye kuosha mawe akakosa mutu wa kumulipa, hesabu ya shomaji ingeonyesha nini? Akienda kuuzisha nyanya saa mbili kwa siku, haingeonyesha kitu. Hakuwa na kontra ya kukatwa, hakuna karatasi ya kusema alifukuzwa. Mapato yake yanaweza kuanguka nusu na kiwango kikabaki pale pale.

OIT yenyewe ilihesabu mwaka 2018 kama Afrika kusini ya Sahara, karibu wanawake 9 juu ya 10 wenye kufanya kazi wako katika kazi zenye hazijaandikishwa, bila CNSS, bila pensheni, bila congé. Hesabu hiyo ndiyo inapaswa kutuamsha usiku, kuliko ile ya shomaji.

Sheria iko, mulango ni muzito

Watu wengine wanasema: wanawake hawako ku sosiete kwa sababu hawapendi, ao hawana nguvu. Nguvu? Kamio kubwa inaendeshwa na mukono na akili, haisukumwe na mabega. Na tuangalie tumetoka wapi. Kodi ya Jamaa ya 1987 iliomba mwanamuke wa ndoa apate ruhusa ya bwana mbele ya kutia mukono ku mambo ya sheria. Ile ruhusa ilitolewa mwaka 2016 tu. Wanawake wenye leo wako na miaka 40 walianza maisha ya kazi chini ya sheria ile.

Kodi ya Kazi inasema mengine ambayo wamama wengi hawajui: mwanamuke mwenye kuzaa iko na haki ya majuma 14 ya mapumziko, na ni marufuku kumuomba mwenye kutafuta kazi kipimo cha mimba. Sheria ni muzuri. Lakini inalinda yule mwenye iko na kontra. Kwa mwenye kuosha mawe, majuma 14 ni majuma 14 bila kula.

Tuombe nini?

Hatuseme kiwango cha shomaji kitupwe. Kinasaidia kulinganisha inchi na inchi, mwaka na mwaka, kama sheria ya kuhesabu ni moja. Lakini kisitembee peke yake. Tuombe mambo matatu.

La kwanza, Serikali itoe viwango vyote pamoja, kwa wanawake na kwa wanaume, jimbo kwa jimbo: wenye kutafuta, wenye kuchoka kutafuta, wenye masaa kidogo. Lualaba na Haut-Katanga haziko sawa na Kinshasa.

La pili, sosiete zionyeshe wanawake wangapi wako ku kazi, na ku kazi gani. Ile haiko siri. Kongo iko ndani ya ITIE, na sheria za ITIE zinaomba hesabu ya wafanyakazi wa migodi igawanywe kwa wanawake na wanaume. Sendika ikikaa na wakubwa, iombe karatasi hiyo, na isikubali jumla moja tu: wanawake 50 ku usafi si sawa na wanawake 50 ku mashini.

La tatu ni ku mikono ya wenye kuishi karibu na migodi. Kodi ya Migodi ya 2018 inaomba kila sosiete itoe 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pale, na cahier des charges inaandikwa pamoja nao. Kama wamama hawako ku meza siku ile, wataandika uwanja wa mupira na watasahau maji, soko na mahali pa kuacha mutoto. Na mahali pa kuacha mutoto, tuliona ku mufano wetu, ndiyo inafungia wengine mulango wa kazi.

Kuko pia jambo moja ambalo halilipiwi hata franga moja. Mutu wa uchunguzi akipiga hodi na kuuliza, mara mingi ni bwana anajibu kwa nyumba nzima: «Bibi yangu hafanye kazi, iko tu ku nyumba.» Na bibi mwenyewe, akiulizwa, atasema: «Miye ni mama wa nyumba, ninauzishaka tu kidogo-kidogo.» Ile «tu kidogo-kidogo» ndiyo ililipa minervali mushahara ulipochelewa. Wababa, muache bibi ajibu mwenyewe. Wamama, museme kila kitu: masaa yenye munafanya, feza yenye munapata, na kama munataka kazi ingine ao masaa zaidi. Mufanyakazi wa uchunguzi haandike kitu chenye hakusikia, na Kinshasa hawatahesabu kitu chenye hakijaandikwa.